Habari Zilikuwepo

Mwezi Agosti 1997, polisi wa Kenya wakiandamana na maafisa wa Marekani walifika kwenye nyumba moja jijini Nairobi na kuipekua. Mwenye nyumba, Wadih el-Hage, Mlebanoni mwenye uraia wa Marekani, alikuwa safarini. Majirani walimjua kama mtu wa shirika dogo la misaada. Wapelelezi walimjua kama mtu aliyewahi kuwa karani wa Osama bin Laden kule Sudan, na tangu mwaka uliotangulia walikuwa wakisikiliza simu zake. Siku hiyo waliondoka na kompyuta yake.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na barua. Aliyeiandika ni kijana wa Kikomoro, Fazul Abdullah Mohammed, ambaye wenzake walimwita Harun. Barua ilieleza wasiwasi: kwamba kundi lao la Afrika Mashariki limo hatarini, kwamba adui anawafuatilia, kwamba lazima wajihadhari. Mtu yeyote aliyeisoma aliona kwamba Nairobi kuna kundi, kwamba kundi hilo lina wakubwa wake mahali pengine, na kwamba linajua linachunguzwa. Mwezi uliofuata el-Hage alirudi Marekani, akahojiwa, akaachwa aende zake. Fazul alibaki huku. Mei 1998 alikodi nyumba yenye ukuta mrefu mtaani Runda, na humo ndimo bomu lilimotengenezwa.

Ninaanza na barua hiyo kwa sababu kila baada ya shambulio tunaambiwa maneno yaleyale: vyombo vya usalama vinahitaji masikio zaidi na macho zaidi, wapewe mitambo, wapewe sheria kali, wananchi wakubali kufuatiliwa ili waishi. Nimesoma kumbukumbu za mashambulio ya eneo hili kwa miaka mingi, na kinachonirudia kila mara ni kwamba habari zilikuwepo. Zilikosa mtu wa kuzipokea kwa uzito, au zilifika kwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kutenda, au wenye kuzijua walikuwa wameshafundishwa kunyamaza. Mambo hayo matatu hayaponywi kwa mtambo.

Barua ya Harun haikuwa onyo la pekee. Novemba 1997 Mmisri mmoja, Mustafa Mahmoud Said Ahmed, aliingia kwa miguu yake katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, akasema kuna watu wanaopanga kuulipua ubalozi huo kwa lori. Alihojiwa. Ripoti ikapelekwa Washington ikiwa na maelezo kwamba huenda mtu huyu anatunga. Kenya ikamfukuza nchini. Balozi Prudence Bushnell naye aliandika zaidi ya mara moja kulalamika kwamba jengo lake, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, liko karibu mno na barabara. Wamarekani wenyewe, baada ya balozi zao kushambuliwa Beirut, walikuwa wamejiwekea kanuni ya kujenga umbali wa mita 30 kutoka njiani. Jengo la Nairobi lilikuwa la kabla ya kanuni hiyo. Jibu lililorudi lilihusu fedha.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 lori dogo lilizunguka nyuma ya jengo hilo na kuomba kufunguliwa. Bawabu Mkenya akakataa kuinua kizuizi. Nataka tumwangalie bawabu huyu kwa karibu, maana siku hiyo upelelezi wote wa dunia ulikuwa umeishia mikononi mwake. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za barua ya kompyuta, wala za Mmisri aliyetaja lori. Alichokuwa nacho ni redio ya mkononi na simu. Alijaribu kuwaita walinzi wa ndani, lakini mawasiliano hayakupita. Mtu aliyeshuka kwenye lori akarusha guruneti la kishindo. Watu katika majengo ya jirani, waliposikia mlio, wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Bomu lenyewe lilipolipuka sekunde chache baadaye, vioo vyote vikawa visu. Watu 213 walikufa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia, na jengo la Ufundi lililokuwa ubavuni likaporomoka lote. Maelfu walijeruhiwa, na wengine hawajaona tena tangu siku hiyo.

Karibu wakati uleule Dar es Salaam walikufa watu 11. Wangeweza kuwa wengi zaidi, lakini boza la maji lililokuwa langoni mwa ubalozi liliziba njia ya lori la bomu.

Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilitoa ripoti yake Januari 1999 na kusema hapakuwa na taarifa ya uhakika iliyotaja siku na mahali. Hilo ni kweli, na ni haki kulisema. Kazi ya upelelezi ni ngumu kuliko tunavyodhani sisi tunaosoma mambo yakiwa yameshapita. Tuna methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu wa usalama hawezi kuishi kwa methali hiyo, kwa sababu mezani kwake hufika mia yanayosemwa na tisini hayapo wala hayaji. Mmoja analipiza kisasi cha shamba. Mwingine anatafuta hati ya kuhamia Ulaya. Mwingine amesikia msikitini au sokoni neno ambalo limeshapita vinywa saba. Aliyemsikiliza yule Mmisri na kumtilia shaka hakuwa mpumbavu.

Lakini tuitazame tena hoja ya tume. Taarifa yenye siku na mahali ni zawadi adimu, na mtu anayeingoja kwa kawaida huipata kupitia redio ya saa moja usiku. Kabla ya hapo kuna vipande tu: barua hii, mtu yule, jengo lililo karibu na barabara. Kuviweka vipande hivyo juu ya meza moja, mbele ya mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema fungeni njia ya nyuma na mumweleze bawabu ni nini cha kuogopa, ndiyo kazi yenyewe. Haikufanywa.

Kilichotokea baada ya mlipuko kinafundisha zaidi. Mmoja wa waliokuja na lori, Msaudia Mohamed al-'Owhali, alikimbia dakika ya mwisho, akaumia, akaenda hospitali kama majeruhi wengine. Hakukamatwa na satelaiti. Alikamatwa siku chache baadaye, kwa kazi ya kawaida ya polisi na kwa sababu kulikuwa na watu walioona jambo lisilo la kawaida wakalisema. Kisha akahojiwa kwa siku kadhaa na mtu aliyekaa naye mezani, akiuliza na kurudia kuuliza. Hatimaye akataja namba ya simu aliyokuwa akiipiga kabla na baada ya shambulio. Namba hiyo ilikuwa ya nyumba moja mjini Sana'a, Yemen.

Ilikuwa dhahabu. Nyumba ile ilikuwa kituo cha kupokelea na kupitishia ujumbe wa Al-Qaeda. Wamarekani waliisikiliza, na mwishoni mwa 1999 wakapata fununu ya mkutano uliopangwa kufanyika Kuala Lumpur. Shirika la ujasusi la CIA likamfuatilia mmoja wa wageni wa mkutano huo, Khalid al-Mihdhar, likapata nakala ya pasipoti yake, likaona ina viza ya Marekani. Januari 2000 mtu huyo akaingia Los Angeles kwa jina lake mwenyewe, akakaa San Diego. Jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa hadi mwishoni mwa Agosti 2001. Majuma yasiyozidi matatu baadaye alikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon.

Njia ilinyooka kutoka chumba cha mahojiano cha Nairobi hadi Sana'a, Kuala Lumpur na California. Damu ya watu wetu ndiyo iliyolipia namba ile ya simu. Kuisikiliza waliisikiliza, na bado ofisi moja haikuiambia ofisi nyingine kilichopatikana, kwa sababu za utaratibu na za wivu wa kazi. Mtu akiniambia kwamba tatizo la mwaka 2001 lilikuwa uchache wa taarifa, namrudisha kwenye pasipoti hiyo.

Namna habari inavyopatikana pia ina bei yake. Al-'Owhali na wenzake watatu, el-Hage akiwemo, walihukumiwa New York mwaka 2001 katika mahakama ya wazi, ushahidi ukasimama, wakafungwa maisha. Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akapitishwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha Guantanamo. Kesi yake ilipofika mahakamani mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimzuia shahidi mkuu wa serikali asisikilizwe, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa maneno aliyokamuliwa mshtakiwa kwa nguvu. Ghailani akaachiwa mashtaka zaidi ya 280 na kupatikana na hatia katika moja tu. Lile moja lilitosha kumfunga maisha. Lakini familia za wale 11 wa Dar es Salaam na 213 wa Nairobi zilistahili kusikia ukweli ukithibitishwa shtaka baada ya shtaka. Waliomtesa ndio walioziharibia.

Sasa turudi nyumbani, miaka ya karibu. Septemba 2013, watu wanne wenye bunduki waliingia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na 67 wakauawa. Juni mwaka uliofuata Mpeketoni, kule Lamu, ilichomwa usiku, na watu zaidi ya sitini wakauawa huko na vijiji vya jirani. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wanne waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawashambulia wanafunzi waliokuwa wameamka kusali. Walipomaliza, watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi.

Siku kadhaa kabla ya Garissa, vyuo vikuu vilikuwa vimewatahadharisha wanafunzi wao kwamba Al-Shabaab wanapanga kushambulia chuo. Habari hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani kwa gundi, yeyote apitaye aisome. Na asubuhi ya shambulio, kikosi cha Recce, ambacho ndicho kilichofunzwa kazi ya namna hiyo, kilikuwa Nairobi kikingoja usafiri. Kilifika alasiri. Kilipoingia bwenini kazi iliisha kwa muda mfupi sana. Wazazi wa Garissa wamebaki na hesabu hiyo ya saa, na sioni namna ya kuwaambia waisahau.

Katika washambuliaji wale wanne wa Garissa alikuwemo kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu Mandera, yaani mtumishi wa serikali ileile. Mwanawe alipotoweka, mzee huyu hakuficha. Alikwenda kwa wakuu wa usalama akasema: mwanangu hayupo, nahofia amekwenda Somalia. Nitarudi kwake.

Kwa nini nasisitiza kisa cha baba huyo? Kwa sababu ndiye chanzo bora cha habari kuliko vyote. Mama anayemwona mwanawe ameacha kula na wenzake, mwalimu wa madrasa anayesikia maswali mapya, mwenye duka anayeuza laini tano za simu kwa mtu mmoja, mke anayeambiwa auze vyombo vya nyumba upesi. Kabla ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi la Januari 2019, lililoua watu 21, mmoja wa waliolipanga aliishi Muchatha, Kiambu, kati ya majirani wa kawaida, na vyombo vya nyumba yake vilitangazwa kuuzwa mtandaoni siku chache kabla. Vitu kama hivyo huonekana na jirani kwanza. Mtambo utaviona pia, lakini utaviona pamoja na milioni nyingine za watu wanaouza makochi kwa sababu wanahama.

Serikali zetu zinalijua hili, au zinasema zinalijua. Ndiyo maana baada ya Westgate Kenya iliazima kutoka Tanzania utaratibu wa nyumba kumi. Tanzania ulikuwa na mizizi: balozi wa nyumba kumi alitokana na chama tangu siku za TANU, na kabla ya kuwa sikio la serikali alikuwa mtu wa kusuluhisha ugomvi wa ndoa, kushuhudia mauziano ya kiwanja, kuandika barua ya utambulisho. Watu walimpa habari kwa sababu alikuwa na jambo la kuwapa. Kenya, kwa haraka ile, ilichukua sikio na kuacha mengine.

Na katika kipindi kilekile ambacho wananchi waliambiwa wafungue vinywa, mengine yalitokea ya kuvifunga. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh na mitaa mingine, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakawafungia katika uwanja wa Kasarani wakaguliwe vitambulisho. Pwani, tangu 2012, wahubiri waliotuhumiwa kuunga mkono Al-Shabaab waliuawa barabarani, Aboud Rogo mwaka huo na Abubaker Shariff, aliyeitwa Makaburi, Aprili 2014, na mauaji hayo hayajapata jibu la mahakama. Vijana wa Majengo, Likoni na Kisauni walichukuliwa na watu waliovaa kiraia, wengine hawakurudi. Shirika la Haki Africa liliwaorodhesha, familia moja baada ya nyingine.

Rogo na Makaburi walisema maneno mabaya. Sina haja ya kuwatetea. Swali langu ni la mama wa Likoni ambaye mwanawe wa miaka 19 ameanza kurudi usiku na simu mbili. Anajua afisa anayepaswa kuambiwa. Anajua pia kijana wa jirani aliyechukuliwa na gari jeupe miezi minane iliyopita, na jinsi mama yake alivyozunguka vituo vyote na vyumba vya maiti. Akiwa na mawili hayo kichwani, atafanya nini? Atamficha mwanawe. Atamtuma kwa mjomba Tanga. Atamwomba Mungu. Na afisa wa upelelezi, ambaye huenda ni mtu mwema, atakosa neno moja lililokuwa na thamani kuliko mwezi mzima wa kusikiliza simu.

Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti uliowahoji watu waliokuwa wanachama wa makundi ya aina hii katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Somalia zikiwemo. Kati ya waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kwa hiyo mauaji ya siri hufanya mambo mawili kwa pamoja: huziba mdomo wa mtoa habari na huleta mwajiriwa mpya kwa adui.

Sipingi ufuatiliaji. Mtu anayepanga kuua wanafunzi kitandani asikilizwe simu yake, akaunti yake ya fedha ichunguzwe, gari lake lifuatwe. Februari 2018 polisi wa Merti, Isiolo, walikamata gari lililosheheni vilipuzi, na hatutawajua kamwe kwa majina watu walioponea hapo. Ninachodai ni kwamba anayesikiliza awe na mtu wa kumuuliza. Katiba ya Kenya ya 2010 imelinda faragha katika kifungu cha 31 kwa sababu waandishi wake waliikumbuka Nyayo House, vyumba vyake vya mateso vya chini ya ardhi, na polisi wa siri wa Special Branch ya miaka ya 1980 iliyokuwa ikimtafuta gaidi ndani ya mhadhiri wa chuo. Desemba 2014 Bunge lilipopitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya ngumi na kelele, Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane Februari iliyofuata, lakini ikaviacha vile vya kunasa mawasiliano. Majaji waliona hatari ni kubwa na kizuizi kinatosha. Kizuizi hicho ni kibali cha mahakama, na kibali kina maana pale tu ambapo jaji anauliza maswali na afisa anajua kwamba atajibu.

Bila hivyo neno gaidi hupanuka. Tanzania, viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ya Zanzibar walifunguliwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014, wakakaa rumande hadi Juni 2021, mashtaka yakaondolewa bila hukumu yoyote. Mwezi mmoja baadaye kiongozi wa upinzani, Freeman Mbowe, naye akashtakiwa kwa ugaidi, na Machi 2022 yakaondolewa vilevile. Kila faili la namna hiyo lina wapelelezi waliolitumikia, saa zao, magari yao, watoa habari wao. Katika miaka hiyohiyo, Mocímboa da Praia, nchini Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, ilikuwa ikiungua, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mtu akitumwa kumfuata mwanasiasa hawezi kuwa mpakani.

Nilisema nitamrudia yule chifu wa Mandera. Alifanya kila kitu ambacho bango la serikali humwomba raia afanye. Alijua jina, sura, tabia na rafiki za aliyepotea, akavitoa vyote. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa ametoa taarifa. Kisha alfajiri moja akapata kujua mwanawe alikuwa wapi, pamoja na nchi nzima.

Nafikiri mara nyingi juu ya mzazi wa pili, ambaye hatumjui, aliyesikia kisa hicho kwenye redio huku mwanawe mwenyewe akiwa hajapiga simu kwa wiki tatu. Ana namba ya afisa kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Anaitoa, anaitazama. Anamkumbuka chifu aliyesema na asisikilizwe, na kijana wa jirani aliyesemwa na asirudi. Karatasi inarudi mfukoni.